Mlio Unaowafikia Wote Isipokuwa Mhusika

Vijiweni kuna hoja moja ambayo haijawahi kukosa mtetezi: pikipiki iliyotobolewa ekzosi ni salama kuliko iliyo kimya, kwa sababu dereva wa gari akikusikia hakugongi. Hoja hii hutolewa kwa sauti ya juu, maana mtoaji wake masikio yameshaanza kuziba, na aghalabu huishia njiani kwa kuwa pikipiki nyingine imepita na hakuna anayeweza kujibu. Naijibu hapa kwenye karatasi, ambako hakuna wa kupiga resi. Msimamo wangu ni kwamba sailensa ibaki pale ilipofungwa kiwandani, na siusimamishi juu ya adabu, ingawa adabu nayo ina haki yake. Nausimamisha juu ya ukweli kwamba kelele ile imeshindwa kazi iliyoajiriwa kuifanya. Inamfikia mgonjwa, mtoto mchanga, imamu, mwalimu na kuku wa jirani. Anayeikosa ni dereva wa lori peke yake, na ndiye iliyemkusudia.

Tuanze na bomba lenyewe. Pikipiki nyingi za bodaboda, iwe Boxer, iwe TVS, iwe zile za Kichina zinazobadili jina kila msimu, zina injini ya silinda moja ya cc 100 hadi 150. Injini ya aina hii hulipua mafuta mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hiyo ni milipuko 50 kila sekunde. Mlipuko ukishasukuma pistoni, vali ya moshi hufunguka na gesi hutoka ikiwa bado na moto na hasira. Kinachosimama kati ya hasira hiyo na mtaa mzima ni lile kopo jeusi linalowachoma abiria shavu la mguu. Ndani yake kuna vyumba vilivyotengwa kwa sahani za bati na vijibomba vyenye matundu. Mawimbi ya sauti huingia, hugonga kuta, hurudi, hukutana na wenzao wanaokuja na kupunguzana nguvu, hata yanapofika nje yamebaki mngurumo wa heshima. Fundi hulipasua kopo hilo kwa grenda, akautoa utumbo wote, akalichomelea na kulirudisha likiwa gamba. Wahenga waliposema debe tupu haliachi kuvuma walikuwa wakisema watu. Fundi ametutengenezea debe lenyewe, na amelipwa.

Sasa tazama debe hilo limeelekea wapi. Limeelekea nyuma, kule ambako pikipiki imeshatoka. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California walitoa ripoti ya uchunguzi wa ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, na mpaka leo ripoti hiyo ndiyo inayotajwa zaidi mjadala huu unapozuka. Waliyoyakuta hayamfurahishi mtetezi wa kelele. Zaidi ya robo tatu ya hatari zilimjia mwendesha pikipiki kutoka mbele, na mara kwa mara mkosaji alikuwa gari lililokatiza njia yake. Muda wa kujiokoa katika ajali ya kawaida ulikuwa pungufu kidogo ya sekunde 2. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sekunde 2 ni kama mita 33, na katika mita hizo hatari iko mbele huku sauti inatangaziwa nyuma. Kwetu tunakoendesha kushoto, mkatizaji ni yule anayekata kulia, lakini hesabu ni ileile.

Mchukue dereva wa lori la kokoto pale Ubungo, anayetaka kukata kulia. Kioo kimepandishwa kwa sababu ya vumbi. Redio inatangaza mechi, utingo anasimulia kisa ambacho hakijafika patamu, na injini ya lori inatetemesha mpaka kikombe cha chai. Mlio mzito wa ekzosi ukiingia ndani ya kabini kama hiyo huingia kama wa bezi: unasikika kuwa upo, hausikiki umetoka wapi. Dereva atatazama kioo cha kushoto, atatazama cha kulia, na kwa sekunde hizo macho yake hayako barabarani. Pikipiki ikishampita ndipo anapoisikia sawasawa, tena vizuri mno, kiasi cha kuitukana. Amepata taarifa kamili ya hatari iliyokwisha. Wakati huohuo waliosimama kituoni nyuma, ambao hawaendeshi chochote na wala hawakuwa na mpango wa kumgonga mtu, wamepata onyo la hali ya juu.

Usalama ukishatoka mezani, mtetezi huleta nguvu: pikipiki iliyotobolewa inakimbia. Hapa kuna chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayopoteza watu. Pikipiki za mashindano hufungwa ekzosi zisizobana, ila mafundi wake hubadilisha pia kabureta na mpangilio mzima wa injini ili vyote viendane. Injini ya kawaida imepimwa pamoja na bomba lake. Mawimbi yanayorudi kutoka kwenye sailensa husaidia kuvuta moshi nje na kuzuia mafuta mabichi yasipotee. Ukitoa utumbo bila kugusa kingine, mara nyingi nguvu ya mwendo mdogo hupungua, nayo ndiyo nguvu ambayo bodaboda anaihitaji anapopanda kilima na mshikaki wa watu watatu na gunia la mkaa. Kinachoongezeka kwa uhakika ni imani. Mwendeshaji anasikia kilomita 110, spidomita inasoma 70, na lawama inamwendea spidomita.

Kuna wasiojidanganya kwa usalama wala kwa nguvu. Wanasema tu kwamba mlio unawapendeza. Hawa nawaheshimu zaidi, kwani angalau wanasema kweli, na mfano wao mkubwa ni Harley-Davidson. Kampuni hiyo ya Marekani iliuthamini mlio wa injini yake hata mwaka 1994 ikaomba usajiliwe kama alama ya biashara. Washindani walipinga, mabishano yakaenda miaka, na mwaka 2000 ombi likaondolewa. Lakini mlio ule haukuzaliwa kwa grenda. Umetokana na silinda mbili zilizokaa kama herufi V kwa nyuzi 45, ambazo hazilipuki kwa nafasi sawa, ndiyo maana injini inasikika kama inachechemea kwa madaha. Pikipiki hizo nazo hutoka kiwandani zikiwa na sailensa. Silinda moja ya cc 125 haina madaha ya kufichua. Ukiitoboa, unapata mlio uleule wa jana, ila sasa umefika Tabata nzima. Anayedhani amenunua muziki amenunua spika peke yake.

Kwa masikio, wa kwanza kulipa gharama ni mwenye ekzosi. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, imeweka ukomo wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda hukatwa nusu. Fuata hesabu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Katika foleni ya jioni dakika 15 hazikutoi Mbagala kukufikisha Posta, sembuse kumaliza hesabu ya bosi. Historia imetuachia mfano wa nyumba moja. Hiram Stevens Maxim, aliyebuni bunduki ya rashasha iliyotumika kuiteka sehemu kubwa ya Afrika, alikuja kuwa kiziwi. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, akapata mwaka 1909 hataza ya kizuia sauti cha bunduki, kisha akaitumia elimu hiyohiyo kwenye ekzosi za injini. Baba aliuachia ulimwengu kelele, mwana akaanza kuikusanya. Sisi tuna mafundi wanaoitembeza hadithi hiyo kinyumenyume.

Na hasara haisubiri uzee. Bodaboda wa leo anaishi kwa simu: mteja wa asubuhi, mama wa dukani, mwanafunzi wa kupelekwa shule. Simu ikiita mfukoni huku ekzosi inaunguruma, mwenye simu ni wa mwisho kujua. Abiria naye amepanda akitaka kufika, akajikuta anafanya mazoezi ya koo. Anasema “shusha hapo”, haisikiki. Anagonga bega, inadhaniwa ni woga. Anashushwa vituo viwili mbele, na hapo pikipiki ikizimwa ndipo yanapoanza mazungumzo mapya kuhusu shilingi mia tano ya umbali ulioongezeka. Faida moja naikubali bila kubishana: nyumbani wanamsikia angali mbali, na chakula kinapashwa kwa wakati. Lakini hiyo ni kazi ya ujumbe mfupi wa simu, na ujumbe mfupi haumwamshi jirani.

Sasa lije pingamizi ninaloliona zito. Miji yetu, watasema, haijawahi kulala: kuna spika za matangazo ya dawa ya panya, baa, mikesha, harusi zenye matarumbeta barabarani, na honi za daladala. Kwa nini aandamwe kijana anayetafuta riziki? Tena kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi, watu watazoea. Kuhusu kuzoea, masikio huzoea na mwili haukubali: hata aliyelala fofofo bila kuamka, moyo wake huongeza mapigo kelele inapopita. Ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya unashauri kelele za barabarani usiku zisizidi wastani wa desibeli 45. Kuhusu baa na spika, sheria inazigusa pia. Tanzania ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, na Kenya ina za mwaka 2009, zinazotaka eneo la makazi usiku lisizidi desibeli 35, kipimo ambacho hata jogoo angeitwa kituoni kujieleza. Ila kuna tofauti kati ya baa na ekzosi. Baa imekaa mahali, na mwenye nyumba anaijua na anaweza kuihama au kuishitaki. Ekzosi inatembea. Bruitparif, asasi inayopima kelele jijini Paris na vitongoji vyake, imekadiria kuwa skuta moja isiyo na sailensa ikivuka jiji usiku inaweza kuamsha watu 10,000. Mtu mmoja ana haraka, elfu kumi wanageuza mto.

Wengine watasema ukimya nao unaua, na wataitaja pikipiki ya umeme. Kigali, kuanzia Januari 2025, pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria sharti ziwe za umeme, na mtembea kwa miguu aliyezoea kuvuka kwa kusikiliza anaweza kushtuka kuikuta moja kiunoni. Hofu hii ina msingi. Umoja wa Ulaya uliiona hofu kama hiyo kwa magari ya umeme, ukaagiza yatoe sauti ya kuonya yanapokwenda polepole, hadi kilomita 20 kwa saa. Walitaka sauti ya kiasi gani? Desibeli 56 kwa mwendo huo wa kilomita 20, chini ya mazungumzo ya kawaida ya watu wawili kwenye benchi. Kwa hiyo wataalamu walipokaa rasmi kuupangia usalama sauti yake, walifika kwenye kiwango ambacho pikipiki yenye sailensa nzima inakivuka ikiwa imesimama inasubiri abiria. Hoja ya ukimya unaoua inatetea sauti ya kutosha, na sauti ya kutosha ilikuwepo tangu kiwandani.

Basi tiba nayo isitafutwe kwa virungu. Kumvizia kijana barabarani na kumnyang'anya pikipiki kunamwacha na deni la mkataba, na fundi anaendelea kutoboa ya mwingine. Aliyelipwa kuitoboa alipishwe kuirudisha. Mwenye pikipiki anayepokea hesabu kila jioni aulizwe hali ya chombo chake kama anavyouliza hali ya hela zake. Na sisi abiria, tunaofika kijiweni na kupanda ya kwanza inayotuita, tuchague iliyo kimya na tumwambie mwenzake kwa nini hatukupanda yake. Hakuna tangazo la afya litakalofanya kazi kuliko abiria aliyekwenda kwa mwingine. Anayetaka kuonekana awashe taa mchana na avae kizibao kinachong'aa, kwa maana gari linalokata kulia linaongozwa kwa macho. Anayetaka kusikika ana honi, na mbunifu wa pikipiki aliiweka mbele. Ekzosi aliipeleka nyuma akaifungia sailensa. Alijua ipi ni ya kuzungumza na watu.