Yah: Maombi ya Kibali cha Mtoto Kukimbia Mita 11

Kwa Uongozi wa Jengo.

Nakala: Mwenye Jengo, mlinzi wa getini, jirani wa ghorofa ya tatu, mwenye ufagio.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Rejea tangazo lenu lililobandikwa ndani ya lifti, lile mlilolivalisha nailoni ili lidumu kuliko lifti yenyewe, lisemalo: "Watoto hawaruhusiwi kucheza kwenye korido, ngazi, maegesho na juu ya paa." Mimi ni mpangaji wenu wa ghorofa ya nne, mama wa watoto wawili: binti wa miaka sita na mdogo wake wa kiume wa miaka mitatu. Kwa unyenyekevu mkubwa naleta taarifa ya utekelezaji.

Korido tumeiacha. Ngazi tumeziacha. Maegesho tumewaachia magari, ambayo kwa utulivu wake ni mfano wa kuigwa na watoto wote wa jengo hili. Paa lina kufuli. Imebaki sebule, ambayo ukisukuma kochi hadi ukutani inatoa hatua saba za mtoto kutoka mlangoni mpaka balkoni. Mdogo alipojaribu ya nane, tukapigiwa hodi. Si mlangoni, hodi ilitoka chini ya nyayo zetu, kwa mpini wa ufagio. Tangu siku hiyo mtu akibisha hodi, mwanangu anainama kutazama sakafu.

Wala sijasahau fadhila zenu. Siku ya kuonyeshwa nyumba, dalali aliniuliza nina watoto wangapi. Nikamwambia ninaye mmoja, na mwingine huyu hapa mgongoni. Akashusha sauti: "Dada, ukiulizwa sema mmoja. Huyo mwingine amekuja likizo tu." Nikasema hivyo. Mwanangu yuko likizo, mwaka wa tatu huu.

Naomba radhi pia kwa niaba ya Bunge. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi ampatie mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, kisha, bila hata kuwashirikisha ninyi, ikaongeza haki ya kucheza na kupumzika. Nimejaribu kuoanisha sheria hiyo na karatasi ya kwenye lifti, nikashindwa. Basi kwetu tunafuata karatasi. Bunge halijashika kodi yangu ya miezi sita.

Nikigusia kodi, niwakumbushe kwa heshima kwamba mimi na Mwenye Jengo ni kama wabia. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza kwa shilingi 5,000 kwa mwezi kwa kila ghorofa, mwaka 2023 ikapanda hadi 7,500, na kwa bahati njema mita iliyobeba ghorofa yetu ni ya kwangu. Jengo ni lake, kodi ya jengo naingiza mimi kwa kubonyeza tarakimu ishirini gizani. Niliwahi kuuliza kama nitapunguziwa kwenye pango, nikajibiwa kwamba suala langu linafanyiwa kazi. Nawapongeza kwa uchapakazi, maana bado linafanyiwa.

Mtasema labda nimedekezwa, nimetoka kwenye nyumba ya bustani. Hapana. Nimekulia Magomeni, kwenye nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, kila chumba na familia yake, mlango wa nyuma unatokea uani kwenye majiko, choo na kamba za nguo. Tulikuwa watoto kumi na kitu. Tulikuwa tukiingilia barazani, tunakata korido mbio, tunatokea uani, tunapita chini ya kanga mbichi za watu, tunazunguka tena. Kugombezwa tuligombezwa, tena na kila mtu. Lakini hakuna aliyewahi kubandika karatasi ya kutukataza kuwepo. Nyumba ile haikuwa na lifti, ndiyo maana pengine haikuwa na pa kubandika.

Najua mtaniuliza: kama hamuwezi maisha ya ghorofa, si mjenge? Tunajenga. Tuna kiwanja cha 20 kwa 20 upande wa Chanika, na boma letu limeishia kwenye lenta. Tulichimba msingi binti yangu akiwa tumboni. Mfuko mmoja wa saruji hutoa tofali thelathini hadi arobaini, kutegemea uaminifu wa fundi na ukaribu wa mwenye mali. Kila Januari na Julai tunapowaletea ninyi kodi, mume wangu huigeuza kichwani kuwa mifuko. Akifika kwenye bati hunyamaza, akaomba chai.

Fundi anatufariji kwamba nyumba haina haraka. Ni kweli kabisa. Binti yangu ameshang'oa meno mawili ya mbele, ya chini yanacheza, na nyumba haina haraka. Kile tulichokiita chumba cha watoto kimeshapata mkaaji: mpapai, umeota wenyewe katikati, umeshapita usawa wa dirisha na unazaa. Umeingia bila dalali. Napiga hesabu usiku naona kwamba siku tutakayopaua, watakaohamia chumba kile watakuwa na ndevu na simu, na hakuna atakayetaka kukimbia.

Jumamosi iliyopita tuliwapeleka kuliona boma. Sikuwaambia chochote. Walisimama mlangoni, pasipo na mlango, wakanitazama. Nikawaambia: nendeni. Wakaingilia jikoni wakatokea dirishani, wakarudi kwa choo cha wageni, wakapiga kelele kuta zikawarudishia, wakapiga tena. Mdogo alianguka mara tatu na hakulia, hakuwa na nafasi. Saa kumi na mbili tukawakokota hadi kituoni wakiwa wekundu kwa vumbi mpaka kope.

Tulipofika kwenu ilikuwa usiku. Mbele ya lifti binti yangu akavua malapa yake bila kuambiwa, akayashika mkononi. Ghorofa ya nne mlango ukafunguka, akatangulia kwenye korido kwa ncha za vidole, akamgeukia mdogo wake, kidole mdomoni: "Shh. Tumefika nyumbani."

Kwa hiyo, Waheshimiwa, naomba kibali. Korido yetu nimeipima kwa futi ya fundi: mita 11 kutoka mlango wangu hadi kwenye ngazi. Naomba watoto wawili, mmoja mnayemtambua na mmoja wa likizo, waruhusiwe kuikimbia kila siku kuanzia saa kumi kamili hadi saa kumi na robo jioni, wakiwa pekupeku. Jirani wa ghorofa ya tatu tutamtaarifu mapema ili auweke ufagio karibu. Kama kibali kina ada, tupo tayari kulipa miezi sita kwa mkupuo, ndivyo tulivyozoea.

Naomba tu nijibiwe mapema. Saruji inaweza kusubiri.

Nawasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa (na wa boma, Mungu akijalia bati),

Mpangaji, ghorofa ya nne