Kopo Halijafichwa, Nafasi Ishachukuliwa

Dave Ulmer hakumwomba mtu nafasi. Tarehe 3 Mei 2000 alichukua ndoo nyeusi ya plastiki, akaingia nayo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, Marekani, akaifukia nusu ardhini, kisha akatangaza kwenye intaneti namba za latitudo na longitudo za mahali alipoiacha. Ndani mlikuwa na vitabu, kanda za video, fedha kidogo, manati na kopo la maharage. Siku moja tu kabla ya hapo serikali ya Rais Bill Clinton ilikuwa imeacha kuvuruga kwa makusudi ishara za GPS zilizowafikia raia, na vifaa vilivyokuwa vikikosea kwa mita kama 100 vikaanza ghafla kukosea kwa mita chache. Ulmer alitaka kuona kama mtu asiyemjua ataifikia ndoo kwa kufuata namba peke yake. Mike Teague aliifikia baada ya siku chache.

Siku ile dunia nzima ilikuwa tupu. Leo makopo ya mchezo huo wa kuficha na kusaka, ambao ulikuja kuitwa jiokeshi, yamepita milioni 3, na kanuni nazo zimeongezeka. Kufukia bila ruhusa ya wazi ya mwenye ardhi ni marufuku, kuweka chakula ni marufuku. Maana yake ndoo ya Ulmer, mama wa makopo yote, ingewasilishwa leo ingerudishwa mara mbili: kwanza kwa shimo, pili kwa maharage.

Ila kanuni inayowatoa watu jasho ni ya umbali. Kopo jipya lazima liwe mita 161 au zaidi kutoka kopo jingine, yaani sehemu ya kumi ya maili. Ukichora duara la kipimo hicho unapata kama hekta 8, zaidi ya viwanja 11 vya mpira wa miguu. Eneo lote hilo linashikwa na kitu ambacho mara nyingine hakizidi ukubwa wa kidole gumba.

Kuna wanaoigeuza kanuni hiyo kuwa rula. Kando ya barabara ya jangwani huko Nevada iitwayo Extraterrestrial Highway, wachezaji walipanga zaidi ya makopo 1,000, kila moja likikaa umbali ule ule mdogo unaoruhusiwa kutoka kwa jirani yake. Msakaji anasimamisha gari, anashuka, anasaini kijitabu cha kopo, anapanda, anaendesha kidogo, anashuka tena. Jangwani nafasi haina mwenyewe wala mgombezi. Shida iko kwenye miji midogo yenye kibustani kimoja, kijito kimoja na wastaafu wengi.

Mchukulie bwana mmoja wa aina hiyo kaskazini mwa Uingereza, mwalimu aliyestaafu. Amekuwa akisaka makopo ya wenzake kwa muda mrefu, sasa anataka la kwake. Mahali amepaona: mti mkubwa kando ya daraja la mbao, wenye mzizi ulioinuka ukaacha uwazi wa kutosha mkono. Anafungua ramani ya kupangia makopo. Maduara mekundu yamejaa kila upande, lakini penye mti ni peupe kabisa. Moyo unamdunda. Anatengeneza ukurasa wa kopo lake, na papo hapo tovuti ya mchezo inampa namba inayoanza na GC. Kwa macho yake hiyo ni hati miliki.

Kumbe ni karatasi tu. Ukurasa usiowasilishwa haushiki kitu, hata ukikaa humo mwaka mzima. Inafanana na yule anayerusha leso dirishani kushika siti kabla basi halijasimama: leso inaheshimiwa pale tu mwenyewe anapopanda. Anayetaka kushikiwa nafasi huwaandikia wakaguzi wa kujitolea wanaopitisha makopo mapya, akiwatumia namba za mahali na kuwaomba waangalie kama pana kizuizi. Pakiwa wazi, mkaguzi anaweza kumshikia kwa muda mfupi huku mwombaji akiandaa mambo yake.

Bwana wetu hakuandika. Alikimbilia maandalizi. Bakuli la plastiki lenye mfuniko wa kubana pande nne lilitoweka jikoni, na mkewe akalitafuta mpaka nyuma ya friji. Bakuli likapakwa rangi ya kahawia, likabandikwa kuvu. Kijitabu cha kusaini kikatiwa kwenye mfuko wa nailoni, penseli ikachongwa. Halafu ikaja kazi ya kupima.

Kupima chini ya miti ni adhabu. Matawi yanakinga ishara za setilaiti, na namba ya mwisho inacheza bila kutulia. Kila inaporuka mara moja mahali panasogea hadi karibu mita 2. Inabidi upime, uondoke, urudi kutoka upande mwingine upime tena, kisha utafute wastani. Kwa hiyo mtu mzima mwenye mvi anaonekana akiuzunguka mti mmoja huku simu ameinyanyua juu, anatembea hadi darajani, anarudi, anapiga magoti, anachungulia mzizini. Mama mwenye mbwa wawili anamuuliza kama kapoteza kitu. Anajibu kuwa funguo. Mama, kwa wema wake, anainama kumsaidia kuzitafuta, na mbwa nao wanasaidia.

Tusimcheke sana kwa kudanganya. Julai 2011, katika mji wa Wetherby huko Yorkshire, kijisanduku cha mchezo huu kilichofichwa nje ya mkahawa kilidhaniwa ni bomu. Mtaa ulifungwa, wataalamu wa jeshi wakaitwa, wakakilipua. Ndiyo maana ruhusa ya mwenye mahali si jambo la kupuuza, na bwana wetu, kwa haki yake, aliiomba na akaipata. Mwenye shamba aliuliza tu kama kopo litakula nyasi.

Basi akawasilisha. Majibu yakaja kwa lugha ya adabu: mahali ni pazuri, maelezo yamepangika, ila kuna kopo jingine lililo karibu mno. Akarudi kwenye ramani. Peupe! Hapo ndipo wengi wanapojifunza kuhusu makopo ya mafumbo. Namba zinazotangazwa kwa kopo la fumbo ni za danganya toto. Lenyewe liko kwingine, pengine umbali wa kilomita 2 au 3, na namba zake za kweli huzipata anayetegua fumbo. Ramani haimwonyeshi asiyetegua. Mkaguzi anaziona, ila akizisema ameua fumbo la mtu.

Anayekataliwa hujaribu ujanja. Vipi nikisogea mita 30 mashariki? Hapana. Na kaskazini? Hapana. Kusini, ng'ambo ya kijito? Wakaguzi wanaujua mchezo huu na hawaupendi, kwa kuwa mtu akipata "hapana" za kutosha anaweza kuchora duara na kulikuta kopo la fumbo katikati bila kutegua lolote. Jibu linalofuata huwa fupi: tegua mafumbo ya eneo lako kwanza.

Na hapo kopo la mwanzo linageuka kuwa kazi ya shule. Jioni nzima zinaliwa na sudoku, misimbo ya Morse na picha za nembo za magari. Bwana aliyetaka kuweka bakuli chini ya mti sasa anasoma kuhusu mpangilio wa nota za muziki, maana fumbo moja limeandikwa kwa nota naye hajawahi kupuliza hata filimbi. Siku anapolitegua, namba zinampeleka wapi? Kwenye daraja lile lile. Anafika, anapapasa chini ya mbao, hakuna kitu. Kopo limechukuliwa na mafuriko kitambo, wasakaji wameandika mmoja baada ya mwingine kuwa hawakuliona, na mwenyewe ameandika atalirudisha mvua zikipungua.

Mvua za kaskazini mwa Uingereza! Lakini kopo lililosimamishwa kwa muda bado linashika nafasi yake, liwepo lisiwepo. Mchezaji anaweza kuripoti kwamba halipo, mkaguzi atamkumbusha mwenyewe na kumpa wiki kadhaa, na asipotengeneza ukurasa unafungwa moja kwa moja na nafasi inabaki wazi. Wazi kwa nani? Kwa yeyote atakayewahi kuwasilisha, pamoja na kijana wa mtaa wa pili ambaye hajapaka rangi bakuli lolote, ila ameizoea tovuti na anaiangalia kila asubuhi.

Wapo wanaoona kanuni ya mita 161 ni ya kikatili. Mimi naona inatenda haki. Bila hiyo kila mti wa bustani ungekuwa na kopo, na raha ya kutafuta ingekwisha. Kosa la wafichaji wengi liko kwenye mpangilio wa kazi: wanaanza na rangi na kuvu kwa sababu ndicho chenye utamu, kisha swali la nafasi wanaliacha la mwisho.

Kwa hiyo msomaji, kama una mti wako unaoutamani, fuata utaratibu huu. Tegua mafumbo ya jirani, ama angalau watumie wakaguzi namba za mahali leo hii, ukiwa bado hujagusa chombo chochote cha jikoni. Tafuta pia mahali pa pili, pasipovutia sana, zaidi ya mita 161 kutoka pa kwanza. Huko ndiko makopo mengi ya kwanza yanakoishia.