Joka Halina Lesepase

Safu ya Mjomba wa Kavimvira

Juma hili barua zimekuja na ugonjwa mmoja. Vijana wanauita jedirol, na wanataka kuucheza kwa simu, kila mtu akiwa kwao. Nimejibu nilizoweza. Zile za mapenzi zisubiri, mapenzi yamekwisha kuzoea kusubiri.

*Mjomba, jambo sana. Nina miaka 19. Tulimaliza sekondari tukiwa marafiki watano. Leo mimi niko Kavimvira, wawili Bujumbura, mmoja Nyarugusu, mmoja Nairobi. Nataka tucheze jedirol kila Jumamosi. Hatuna kitabu, hatuna dadu, na hakuna aliyewahi kucheza. Nianzie wapi? Ni mimi, Jemadari Asiye na Jeshi.*

Mpwa wangu, umeniandikia kana kwamba unaomba kibali cha kujenga bandari. Mchezo wenyewe ni huu: mmoja anasimulia ulimwengu, na kila mmoja wa wengine anashika mtu mmoja ndani yake na kusema mtu huyo anafanya nini. Likitokea jambo la mashaka, dadu inaamua. Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, waliutoa mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, na tangu hapo vinauzwa vitabu vinene ili isijulikane kwamba ni hivyo tu. Mwaka 2023 kanuni zake za msingi ziliachiliwa zitumiwe na yeyote, bure, hata za Kifaransa zipo. Zina kurasa zaidi ya 400. Ziache kwanza. Ukizisoma kwenye kioo cha simu, ukifika ukurasa wa 30 utakuwa unatafuta miwani, si marafiki.

Wewe umekulia mpakani. Umeona mara ngapi mtu anayevuka kwenda Gatumba akiulizwa: Unatoka wapi? Unakwenda wapi? Umebeba nini? Basi maswali hayo matatu ndiyo fomu nzima ya mhusika. Muulize kila rafiki. Mmoja atakwambia ametoka milimani, anakwenda kumtafuta dada yake, na amebeba mbuzi anayesema. Andika hivyo hivyo, usimsahihishe. Kisha wasimamishe wote mbele ya lango ambalo mlinzi wake ni kiboko mwenye kofia, na kiboko adai lesepase, ile karatasi ya kuvukia mpaka. Hakuna aliye nayo. Hapo uliza tu, "Mnafanyaje?" Kisha nyamaza.

Kunyamaza huko ndiko kazi. Mimi mara ya kwanza kuisimulia hadithi hiyo nilikiogopa kile kimya, nikakijaza kwa historia ya kiboko, babu zake kiboko, mashamba ya miwa waliyodhulumiwa babu zake kiboko. Nilipomaliza, wachezaji wawili walikuwa wamelala na wa tatu nilimsikia anatafuna. Mara ya pili nilijiziba mdomo kwa kiganja. Ilipita dakika nzima, mbwa wa jirani akibweka kwenye simu, ndipo mwenye mbuzi akasema polepole: "Lesepase anayo mbuzi. Mimi ni mzigo wake." Tulicheka hadi betri ya mtu ikaisha.

Kuhusu dadu: kata karatasi vipande 20, andika 1 hadi 20, tia kwenye kopo la nyanya, tikisa. Anayechomoa 11 kwenda juu amefaulu. Na habari ya "kila Jumamosi" iache. Tangaza usiku mmoja, hadithi inayoanza na kuisha usiku huo huo. Wakitaka tena, watakuomba wenyewe.

*Mjomba, mwenzetu wa Bujumbura anachomoa karatasi huko kwake halafu anatutumia sauti: "Ishirini!" Jana amepata 20 mara tatu mfululizo. Tumfukuze? Ni mimi, Mwenye Mashaka, Mulongwe.*

Kupata 20 mara tatu mfululizo kuna bahati ya 1 kati ya 8,000. Inawezekana. Hata mamba anaweza kukusalimia vizuri.

Usimfukuze, mnyang'anye kopo. Likae kwa msimulizi, achomoe kwa niaba ya wote. Au hamieni Telegram: ukituma ile alama ya dadu peke yake, programu ndiyo inayorusha, hakuna anayechagua namba. Dadu yake ina pande sita, basi 4 kwenda juu amefaulu. Ila nikuulize na wewe: anayeshindwa katika hadithi zenu anapatwa na nini? Kama kila anayechomoa namba ndogo anakufa, hata mimi ningedanganya. Kushindwa kulete balaa jipya. Mbuzi akamatwe, mtumbwi utoboke, kiboko amkumbuke baba yako na deni lake. Mtaona watu wanaanza kuiombea namba 2.

*Mjomba, hadithi zote ninazoziona ni za ngome na mashujaa wa farasi wa Ulaya. Sijawahi kuona ngome. Ni mimi, Msimulizi Mkavu, Kalundu.*

Umekaa Kalundu, bandarini, unalalamika huna pa kuanzia! Mbele yako kuna maji yenye kina cha mita 1,470, na ziwa lenye kina kupita hili duniani ni moja tu, Baikal. Ng'ambo ya kusini, Kigoma, kuna meli Liemba. Wajerumani waliileta vipande vipande wakaiunga huko, wakaiita Graf von Götzen. Mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe ili adui asiipate, lakini kwanza wakaipaka mitambo yake mafuta mazito isishike kutu. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua, na mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria. Sasa niambie, ilipolala chini miaka ile yote, nani alikuwa nahodha wake? Hadithi hiyo tayari, nakupa bure.

Na ukitaka shujaa, Wanyanga wa Walikale wanaye Mwindo. Utenzi wake ulichapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Baba yake alikataa watoto wa kiume, akamtia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mwindo akatoka, akamfukuza baba hadi kuzimu, na huko akacheza na mmoja aitwaye Sheburungu kamari ya mbegu inayoitwa wiki. Akaliwa mali yote. Mwisho akaweka usinga wake, konga, akarudisha kila kitu. Wamarekani walipokuja na dadu zao, sisi tulikuwa na mtu aliyekwisha kuchezea usinga wake huko chini.

*Mjomba, mama alinisikia usiku nikisema "ninamchoma mkuki mfu", akaita watu wa maombi. Ni mimi, Niliyeombewa.*

Mpe pole, si wa kwanza. Marekani miaka ya 1980 wazazi walisema mchezo huu unawapeleka watoto kwa shetani. Dawa ni moja: mama apewe kazi. Awe muuza ndagala ambaye joka linataka kununua kwake. Joka litaondoka limelipa mara mbili na halijui limeibiwa saa ngapi.

*Mjomba, tulikubaliana saa mbili. Wa Nairobi alikuja mapema, wa Bujumbura hakuja, mimi umeme ulikatika. Ni mimi, Peke Yangu, Kiliba.*

Andika 20h00 za Uvira, na mwambie wa Nairobi kwake ni 21h00. Bujumbura saa ni ileile, huyo hana la kujitetea. Video acheni, inamaliza mega. Sauti na maandishi yanatosha. Simu ikizima, mhusika wake amesinzia kwenye mtumbwi, atasimuliwa kesho. Wakifika wawili, chezeni.

*Mjomba, rafiki yangu anataka mhusika asiyekufa, asiyeonekana na tajiri.*

Mpe. Halafu kiboko amuulize amebeba nini.

Nafasi imeisha. Na yule aliyeazima kopo langu la nyanya Jumapili, naomba alirudishe. Namba 17 ilidondoka chini ya kiti changu, kwa hiyo lolote mlilochomoa tangu siku hiyo si halali.