Hongo ya Sarafu Kumi

Balaa ililetwa na mpwa. Alikuja likizo kata ya Chemchem, Tabora mjini, Desemba 2019, akaomba simu ya mjomba wake "dakika mbili tu", akairudisha baada ya nusu saa ikiwa na alama mpya kwenye kioo.

"Mjomba, nimekuwekea gemu. Usiogope, ni ya bure."

Mjomba ni mwalimu wa historia wa sekondari, mtu wa miaka arobaini na ushee, na mchezo pekee aliokuwa akiujua ni bao, tena hufungwa mapema na wazee wa barazani. Kuhusu gemu za simu alikuwa na maneno makali ambayo wanafunzi waliyasikia kila Jumatatu mstarini. Lakini mvua ilikuwa inanyesha, shule imefungwa, na mshahara ulikuwa bado uko njiani. Neno "bure" lilimkuta hana kinga.

Alichowekewa kinaitwa Old School RuneScape. Ni mchezo wa mtandaoni ambamo unajiumbia mtu wako, unampa jina na mtindo wa nywele, kisha unamwingiza katika nchi ya kubuni akate kuni, avue samaki, achimbe madini, afue mapanga na apigane, pamoja na maelfu ya watu wanaocheza saa hiyohiyo kutoka kila pembe ya dunia. RuneScape ya kwanza ilitoka Uingereza Januari 2001, mikononi mwa Andrew Gower na ndugu zake. Februari ya mwaka uliofuata ikagawanywa kama nyumba ya mwenye kujua mambo: sebule kwa wageni wote, vyumba vya ndani kwa wanaolipa ada ya mwezi. Toleo hili la "shule ya zamani" lilizaliwa 2013 kwa walipaji peke yao, likafungua mlango wa bure 2015, na Oktoba 30, 2018 likaingia kwenye simu. Kutoka hapo, kufika Chemchem kulihitaji mpwa na likizo tu.

Hasara ya kwanza ilikuwa maziwa.

Mgeni katika mchezo huo hupewa kazi ya kumsaidia mpishi wa ngome ya Lumbridge. Mpishi anataka kuoka keki ya siku ya kuzaliwa ya bwana wake, lakini hana yai, hana maziwa, hana unga. Jioni hiyohiyo Mwalimu naye alikuwa ametumwa na mkewe maziwa ya chai kabla duka halijafungwa. Alitoka na simu mkononi, akakaa kidogo kwenye benchi la dukani, akaanza kutafuta ndoo. Ng'ombe akapatikana, akakamuliwa. Yai likaokotwa. Ngano ikavunwa, ikapandishwa ghorofani kinuni, unga ukateremka. Alipoinua macho, mwenye duka alikuwa ameshateremsha mlango na kutia kufuli.

"Mwalimu, maziwa yako wapi?" aliuliza mkewe.

"Nimeshamkabidhi mpishi," akajibu, akili ikiwa bado haijafika nyumbani.

Usiku ule ilinywewa chai ya rangi, na hakuna aliyemsemesha.

Baada ya wiki moja alikuwa tayari na biashara. Mashariki ya ngome, ng'ambo ya mto, kuna uwanja wa ng'ombe. Unachinja, unachukua ngozi, unaipeleka mji wa jangwani uitwao Al Kharid ikalainishwe kwa sarafu moja moja, kisha unaiuza soko kuu. Mfuko wa mchezaji una nafasi 28. Sarafu zenyewe hukalia nafasi moja, kwa hiyo mzigo kamili ni ngozi 27. Na kati ya ng'ombe na Al Kharid kuna lango lenye walinzi. Kupita, sarafu kumi. Kurudi, kumi nyingine.

Mwalimu alicheka peke yake gizani. Kitu hicho anakifundisha Kidato cha Pili kila mwaka. Ni hongo.

Si hongo ya leo. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, halafu ikaendelea hadi Ujiji. Wasafiri Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba. Wapagazi wa Kinyamwezi waliitembea njia hiyo na pembe za ndovu mabegani, na kuingia njiani hakukuwa na bei. Bei ilikuwa kwenye maji, chakula na ruhusa ya kupita kwa mtemi. Ugogo, ambako visima ni vya kuhesabu, hongo ilikuwa kubwa kuliko kwingine, ikidaiwa kwa doti za vitambaa vya merikani na kaniki na kwa shanga, tena kwa mabishano ya siku nzima. Lakini ilidaiwa mchana, hadharani, na kila mtu akijua kilichotolewa. Neno limebaki na sisi. Maana yake ndiyo iliyohamia chini ya meza.

Mwenye kutengeneza mchezo wa bure anaijua Ugogo vizuri. Hakutozi kuingia. Anakuacha utembee hadi kiu ikushike, kisha anakuonyesha kisima.

World of Warcraft, mchezo mkubwa wa aina hii uliotoka Marekani mwaka 2004 kwa ada ya dola 14.99 kwa mwezi, uliweka mlango wa bure 2011. Mgeni aliruhusiwa kupanda hadi kiwango cha 20, akafungiwa mnada, akafungiwa posta, na asingeweza kupaza sauti kwenye mazungumzo ya wote. Yaani ukarimu wa kumkaribisha mtu harusini kwa sharti asile pilau, asitoe zawadi na asipige vigelegele. Star Wars: The Old Republic ulipofungua milango 2012 ulikwenda mbali zaidi: asiyelipa hakuweza hata kuficha kofia ya chuma ili uso wake uonekane. Kuvua kofia kulikuwa na bei yake dukani.

Mwalimu hakuwa na shida ya kofia. Shida yake ilikuwa magharibi. Siku moja, akiwa amevaa mavazi mapya ya chuma, alifunga safari hadi mji wa Falador, akatoka na kushika uelekeo wa machweo, akafika lango la kuelekea Taverley. Lango likakataa. Huko mbele ni kwa walipa ada. Ada yenyewe wakati huo ilizidi dola 10, zaidi ya shilingi 23,000, na Desemba shilingi 23,000 nyumbani kwa mwalimu zina majina yote tayari: mchele, gesi, sare, daftari.

Akakumbuka kisa anachokipenda. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliifunga njia ya Ujiji. Msafiri Stanley ameandika kwamba msafara mmoja kutoka Tabora ulidaiwa mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Wakabishana, mwishowe wakalipa. Walipomaliza kulipa Mirambo akawaambia warudi walikotoka. Stanley mwenyewe alikwama miezi mitatu hapahapa Kwihara, katika tembe ambalo leo ni makumbusho, kilomita chache kutoka Chemchem, kabla ya kuamua kuzunguka kwa kusini. Kwa mara ya kwanza Mwalimu alimhurumia Stanley kwa dhati.

Ipo njia nyingine ya kuingia vyumba vya ndani bila kutoa shilingi. Mchezo unauza hati iitwayo bondi. Mwenye fedha za kweli huinunua, huipeleka soko kuu, na mwenye sarafu za mchezoni huichukua na kupata uanachama wa siku 14. Tajiri asiye na muda anamlipia ada maskini mwenye muda, na maskini analipa kwa jasho. Mwalimu aliona huo ni upagazi wa haki kabisa. Bondi ilikuwa ikiuzwa sarafu milioni kadhaa. Akachukua karatasi: ngozi kwa sarafu 100, milioni moja ni ngozi 10,000, kwa ngozi 27 kila safari ni safari 371, na hiyo ni milioni ya kwanza.

Hakukata tamaa. Alitafuta njia ya mkato.

Njia ya mkato ilimjia yenyewe, imevaa mavazi ya kifahari, ikisimama sokoni na kutangaza kwamba inarudisha mara mbili fedha yoyote utakayoipa. Alijaribu kwa sarafu 1,000, akarudishiwa 2,000. Akatoa 5,000, akapata 10,000. Akatoa zote, sarafu elfu sitini na kitu, kazi ya wiki tatu. Mtu yule akatoweka kama moshi wa kuni mbichi, isipokuwa moshi huacha harufu.

Dakika hiyohiyo simu ilitoa mlio wa ujumbe. Namba ngeni: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Ujumbe huo Mtanzania yeyote ameshaupata, na Mwalimu kwa miaka mingi amewacheka wanaotuma. Safari hii aliutazama kwa muda mrefu bila kucheka.

Januari shule zikafunguliwa. Karatasi ya hesabu ilikuwa imechomekwa ndani ya andalio la somo, na andalio likaenda mezani kwa mkuu wa shule kukaguliwa. Mkuu akamwita faragha, akafunga mlango.

"Mwalimu, nimeona mahesabu yako ya ngozi. Elfu kumi! Unazipeleka wapi, Mwanza au Dar?"

"Al Kharid," alisema Mwalimu, hana pa kukimbilia.

"Uarabuni!" Mkuu alivua miwani. "Sasa ndugu yangu, mambo kama hayo unafanya peke yako? Tuingizane."

Ilichukua siku mbili kumwelewesha, na hadi leo mkuu anaamini anafichwa.

Wiki iliyofuata ikafika zamu ya somo lenyewe la hongo. Mwalimu hajawahi kulifundisha vizuri namna ile. Aliwaeleza Kidato cha Pili habari za doti na shanga, mabishano ya Ugogo, na jinsi Stanley, baada ya kukamuliwa hongo katika nchi ya Uha, alivyolipa kiongozi na kuutoa msafara wake usiku wa manane kupitia porini ili asitozwe tena. Katika utamu wa maelezo akateleza, akatoa mfano wa lango fulani ambalo kila ukipita unalipa sarafu kumi, hata kama umeshapita mara themanini.

"Sasa, msafara ungefanya nini kuepuka hongo hiyo?"

Alitegemea jibu la kuzunguka. Mkono ulionyooshwa ulikuwa wa nyuma kabisa, karibu na dirisha.

"Mwalimu, kwani hujamwokoa Prince Ali?"

Darasa likanyamaza. Kijana akaendelea, kwa heshima zote: "Ukimwokoa wanakupitisha bure, Mwalimu. Siku zote. Hata wa bure wanaruhusiwa. Imeandikwa palepale, mtu akisoma."

Mwalimu, ambaye kwa miaka kumi na tano amewagombeza watoto kwa kutosoma maelekezo ya mtihani, alisema somo litaendelea kesho.

Kazi ya kumwokoa Mwanamfalme Ali ilimchukua jioni mbili. Unatafuta nywele za bandia na kuzitia rangi ya manjano, unapata sketi, unamtoa kifungoni akiwa amejifanya mwanamke. Lakini kabla ya hapo kuna mlinzi wa kuondolewa mlangoni, na mlinzi haondoki kwa panga. Anaondoka kwa bia tatu. Mwalimu alimpa moja baada ya nyingine, huku akiangalia mlango wa chumba chake kama mtu anayefanya jambo la kweli.

Sasa anapita lango la Al Kharid bila kulipa. Kwa hesabu iliyomo kwenye ile karatasi, alikuwa ameshakwenda na kurudi mara 83, yaani sarafu 1,660. Lango la magharibi bado limefungwa, na mkewe siku hizi ananunua maziwa mwenyewe.