Kumfundisha Mbwa Kukaa, Bariadi

Amri ya "kaa" humtaka mbwa abaki alipo mpaka aruhusiwe kuondoka. Kwa mbwa wengi wa Bariadi, wanaolinda zizi usiku na kufuatana na wachungaji mchana, ni amri ngeni kabisa. Waliyokua nayo ni "toka!", na hiyo hata mgeni wa jana huwapa.

Somo huanza na dagaa wakavu wa Ziwa Victoria. Michembe nayo yafaa, ingawa mbwa huitafuna kama anayemstahi mwenyeji. Mbwa akishaketi, mwalimu humwonyesha kiganja, hutamka "kaa" mara moja, na humpa dagaa kabla hajanyanyuka, hata kama ametulia kwa sekunde mbili tu. Muda huongezwa kwanza, kisha umbali, na vishawishi baadaye kabisa. Dagaa hupelekwa pale pale alipo mbwa, kwani akiitwa kuwafuata atajua kwamba analipwa kwa kuondoka.

Balaa huanza mwalimu anapoinama. Mbwa aliyelelewa kwa mawe akimwona mtu anainama hangoji kujua kinachookotwa. Hutimka hadi nyuma ya marobota ya pamba, na dagaa huliwa na kuku, ambao hawakuandikishwa darasani. Dawa yake ni kuchuchumaa mapema, dagaa wakiwa tayari mkononi.

Familia nayo huvuruga. Baba anasema "kaa", bibi jikoni anasema "toka", watoto wanamwita mbwa "Simba! Simba!" kwa pamoja. Simba humfuata aliyeshika sufuria, na hapo ni vigumu kumlaumu. Yafaa nyumba nzima ikubaliane neno moja la kumkalisha na jingine, kama "haya", la kumwachia. Dakika chache kwa siku zinatosha, ila si jioni ng'ombe wanaporudi, maana hapo hata mwalimu hukimbia.

Faida huonekana siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kuzunguka Serengeti chanjo za mbwa zina uzito wa pekee, na si ya kichaa peke yake: mwaka 1994 virusi vya distempa, vilivyohusishwa na mbwa wa vijijini, viliua takribani theluthi moja ya simba wa hifadhi. Uwanjani, mbwa aliyefundishwa huketi, hudungwa, hulamba dagaa. Wengine huvuta kamba na wenye kamba hadi barabarani. Kazi inayobaki ni kumkalisha tena mwakani, kwa kuwa sindano huikumbuka kuliko dagaa.