Soko Zima kwa Sentensi Moja

Waandishi wa hadithi za watoto ni watu wema. Wengi wao ni walimu wastaafu, wanasalimia vizuri na hawasahau kuuliza hali ya nyumbani. Lakini nina ugomvi nao. Mwandishi anakaa barazani na chai yake ya rangi, anaandika: "Siku ya gulio, soko lilifurika watu." Anaweka nukta, anajiongezea chai. Kwake yeye soko limeshajaa.

Kwangu mimi ndiyo kwanza linafagiliwa. Hao waliofurika hawajichori. Kila mmoja anadai kichwa, kichwa kinadai macho, na anayeuza nyanya hawezi kuvaa kanga moja na anayenunua. Nyanya zenyewe lazima zipangwe mafungu mafungu, maana mtoto anayetumwa sokoni anajua zinavyokaa; ukizimwaga tu chini atakudharau wewe na kitabu chako. Bado mkungu wa ndizi, bado mizani, bado muuza dagaa, bado nzi wa muuza dagaa. Wakati huo mwandishi yuko ukurasa unaofuata, ambako kwa roho yake nzuri ameandika kwamba mvua kubwa ikanyesha na watu wote wakatawanyika. Wale wale! Niwachore upya mmoja mmoja, wamelowa, tena wanakimbia.

Nilimpigia simu mwandishi wa mswada huo kwa adabu zote.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kazi inaendaje?"

Nikamwomba: haiwezekani siku hiyo gulio likawa limedorora kidogo? Labda ni asubuhi sana, labda kuna msiba kijiji cha jirani. Akafikiri, akanishukuru kwa kuisoma hadithi yake kwa makini, na baada ya siku chache akaleta sentensi iliyorekebishwa. Soko lilifurika watu na mifugo yao.

Wajanja huandika na kuchora wenyewe. Beatrix Potter, yule Mwingereza wa Sungura Peter, alipokataliwa na wachapishaji alijichapishia nakala 250 mwaka 1901, na ukikifunua kitabu chake unakuta kurasa kwa kurasa kuna sungura mmoja tu na bustani ya watu. Huyo ni mama aliyejua thamani ya mkono wake. Hapa kwetu John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, naye huandika na kuchora mwenyewe. Vitabu vyake vilianzia kuchapishwa Uswisi, na katika kimojawapo sokwe anapeleka samaki sokoni. Ndiyo, sokoni. Lakini Kilaka soko lake alijitakia, hana mwalimu mstaafu wa kumnung'unikia.

Tuache umati, tuje kwenye baiskeli. Hakuna hadithi ya kijijini isiyo na mjomba anayekuja kwa baiskeli. Anayedhani kuchora baiskeli ni jambo dogo achukue kalamu sasa hivi, aichore bila kuitazama. Nakusubiri. Umeona? Mnyororo umeuzungusha kwenye gurudumu la mbele, na hiyo fremu yako haibebi hata kuku. Si wewe tu. Mchoraji Mmarekani Maurice Sendak mwanzoni alikusudia kutengeneza kitabu cha farasi wa mwituni. Farasi wakamshinda. Akawafuta, akaweka madude yenye meno na kucha, yasiyofanana na kiumbe chochote. Kitabu kikatoka mwaka 1963 na kumpa jina dunia nzima, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kukwambia mguu wa dude umeukosea. Mimi nami nikamshauri mhariri kwamba mjomba aje kwa dude. Akanikumbusha kwamba kitabu ni cha darasa la pili na kinakwenda kuombewa ithibati.

Hata marehemu Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi ya kupaka baiskeli, lakini akachorea chui na ndege. Rangi aliichukua, baiskeli akaiacha hukohuko dukani.

Ukishamaliza yote hayo unaingia mikononi mwa kiwanda cha uchapaji. Watu hudhani kitabu kina kurasa unazotaka wewe. Hakina. Karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa, ikakunjwa tena, ndiyo maana kurasa huja kwa vifurushi: 16, 24, 32. Hadithi ikiishia ukurasa wa 29, hakuna anayemwomba mwandishi aongeze neno. Wanamgeukia mchoraji: tuwekee picha kubwa ya kuzibia. Picha ya nini? Yoyote tu, labda sherehe, na kijiji kizima kimealikwa.

Halafu rangi. Kwenye kioo cha kompyuta rangi ni mwanga. Kwenye mtambo ni wino wa aina nne unaopandishana juu ya karatasi iliyochaguliwa kwa bei. Migomba yangu niliyoiaga inameremeta ilirudi na sura ya mlenda uliolala. Tembo niliyemtandaza kurasa mbili alikutwa na pini ya katikati, ikamwingia jichoni. Nakala zote. Nilipolalamika nikaambiwa watoto hawaangalii hayo.

Watoto hawaangalii! Aliyesema hivyo hajawahi kukaa na mtoto na kitabu. Mtu mzima akishasoma sentensi anafunua ukurasa. Mtoto ambaye hajajua kusoma hana pa kukimbilia, anabaki kwenye picha mpaka aimalize. Nilialikwa shule moja wakati wa kusomeana hadithi, nikawafunulia lile soko la mvua. Shujaa wa hadithi, msichana jasiri niliyemhangaikia kuanzia visigino hadi utosi, hakuna aliyemtazama. Wote vidole viko kwenye paka niliyemficha nyuma ya gunia la mchele kwa kujifurahisha mwenyewe. Wamemwona, wamempa jina, na wanataka kujua ukurasa wa mbele atakuwa wapi. Ukurasa wa mbele hayupo. Ukazuka ugomvi. Binti mmoja aliyekosa meno mawili ya mbele akanitaka nieleze nani anamlisha. Tangu hapo kila mswada ninaoupokea unapata paka ambaye mwandishi hamjui, na lazima aonekane mpaka mwisho, ameshiba. Kazi nyingine hiyo, na haimo kwenye mkataba.

Mama watoto huuliza kwa nini siachi. Ningeweza kumjibu, lakini jibu limejaa sebuleni na lingine liko chini ya kitanda. Napenda vitabu. Ni ugonjwa wa utotoni, tangu enzi za kugombea gazeti la katuni la Sani mtaani mpaka mhusika wake Lodi Lofa anabaki kiwiliwili, kichwa kimekwenda nyumba ya tatu. Fedha ya kitabu nikiipata lazima ipite Posta, kwa wale wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara, na ikifika hapo inachechemea. Nikikuta cha watoto cha Kijerumani au cha Kijapani, neno hata moja silielewi, nanunua. Nataka kuona mwenzangu wa huko aliuokokaje umati. Wengi wamechora migongo. Wengine wameshusha ukungu wa asubuhi, wakaonekana watu wa mbele tu. Mmoja alipanda juu ya paa akachora miamvuli mitupu, soko zima ni miduara ya rangi na viatu viwili vitatu pembeni. Nilikosa usingizi kwa wivu. Mwalimu wangu mstaafu ningempelekea miduara hiyo, angeuliza mifugo iko wapi.

Wageni wakiliona kabati la vitabu huuliza kama vyote nimevisoma. Kisha wanaazima kimoja, na hapo ndipo tunapoagana na kitabu. Mwezi mzima wa masika vilivyobaki navianika barazani kwa ajili ya ukungu, majirani wanadhani nahama.

Mwandishi hupata mrabaha kila kitabu kikiuzwa. Mchoraji mara nyingi hulipwa mara moja, na hiyo mara moja haina haraka. Jina lake utalikuta ukurasa wa haki za uchapishaji, chini ya anwani ya sanduku la posta, kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Ndiyo maana sikukataa kijana wa chipsi pale kona alipokuja na ubao wake. "Braza, wewe si unachora katuni? Nichoree kuku." Kuku mmoja! Hana umati, hana mvua, hana mjomba. Nikamchora amenona, anacheka, ingawa sijui kuku wa chipsi ana sababu gani ya kucheka. Kijana akalipa hapohapo, taslimu, akaongeza sahani ya chipsi mayai na kachumbari. Kisha akaniamuru niandike jina langu na namba ya simu chini ya kuku, kwa herufi kubwa, nyekundu, ili nipate wateja.