Linaliaje, Baba?

Fomu ya mapokezi kwa wakala wa magari ina mstari mmoja tu wa malalamiko ya mteja. Nikaandika: "Tairi la mbele kushoto linalia." Dada wa mapokezi akasoma, akainua macho, akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Linaliaje, baba?"

Nyuma yangu kulikuwa na watu watano kwenye foleni. Nikakohoa kidogo. "Kwi," nikasema. "Kwi, kwi." Bwana mmoja mwenye tai akaacha kusoma gazeti. Nikachungulia fomu: dada ameandika "KWI x 3".

Lugha yetu haina shida ya tanakali za sauti. Kitu kikianguka mchangani ni pu, majini ni chubwi, na kila mtoto anajua. Ila kwa mafundi kila sauti ina bei yake. Gari likinguruma vuuu, na hiyo vuuu ikapanda kadiri unavyokanyaga mafuta, halafu ikabadilika ukiyumbisha usukani, hiyo beringi. Ka-ka-ka ukikata kona, hiyo sivi jointi. Kwi ni pedi za breki zimekwisha. Basi kwi zangu tatu zikanunua pedi mpya za mbele, seti nzima, nami nikaondoka natabasamu mpaka nilipoacha lami na kuingia barabara ya kokoto ya kwetu Goba.

Kwi.

Safari ya pili fundi akasema twende tukalijaribu barabarani. Tukaingia Barabara ya Nyerere, lami tupu, na gari likanyamaza kama mtoto aliyekuwa akilia tumbo mpaka alipoiona sindano.

"Mzee, mbona halilii?"

"Huwa linalia."

"Basi lia wewe, nisikie."

Nikalia. Watu wazima wawili ndani ya gari, vioo vimefungwa, mmoja anasema kwi na mwenzake ameinamisha kichwa kama daktari wa kifua. "Hakuna vuuu kwa mbali?" akauliza. Nikajibu, "Labda." Hiyo labda ndiyo iliyoninunulisha beringi. Tena ya kulia, kwa sababu, alivyonieleza, mlio wa beringi una tabia ya kusikika upande usiouhusu. Ni kweli, nimeulizia. Ila beringi yangu ya kulia haikuwa na kesi yoyote.

Nyumbani mke wangu alishikilia kwamba si kwi, ni krii. Tukabishana wiki nzima.

Safari ya tatu ilikuwa Jumamosi, nikaenda na kitinda mimba wangu. Dada akachukua fomu, akanitazama kwa huruma, na kabla sijakohoa mtoto akadakia: "Shrii-ka. Shrii-ka. Baba akikimbiza, shriikashriikashriika. Akirudi rivasi, linanyamaza."

Foleni nzima ikageuka. Kutoka mlango wa nyuma akatokea fundi mzee, anajifuta mikono kwa kitambaa cheusi kwa oili.

"Rudia, mjukuu wangu."

Akarudia, bila kukosea hata ka moja. Mzee akacheka. "Kokoto hiyo."

Gari likapandishwa, tairi la kushoto likafunguliwa. Nyuma ya diski ya breki kuna bati jembamba la kukinga vumbi, na katikati ya bati na diski kimebanwa kijiwe, kidogo kama punje ya hindi, upande mmoja kimesuguliwa hadi kinang'aa. Kwenye diski kimechora duara safi kama la bikari. Mzee akalisukuma bati kwa bisibisi, kijiwe kikaanguka sakafuni.

Ti.

Wakala yule ana utaratibu ninaousifu kwa dhati: chochote kinachotolewa kwenye gari lako, unakabidhiwa ukione. Nikapewa bahasha ya kaki imeandikwa "Kipuri cha zamani, 1", nikasaini kukipokea.

Mwenye gari linalolia, binti yangu ana nafasi Jumamosi asubuhi. Siku nyingine yuko darasa la kwanza.